Wacheni Kupitisha Wanachama kwa Excel

Najua nimepotea kwa wiki kadhaa, kazi zilinibana, na nilikuwa nimeahidi makala kuhusu simu za bei nafuu. Hiyo itangoja. Leo kuna jambo linanichoma na sina budi kulitoa.

Juzi kijana mmoja ninayefanya naye kazi alinijia na flashi mkononi. Kazi aliyopewa ni rahisi kuieleza. Chama fulani cha akiba na mikopo kimefungua tawi lenye mfumo wake, na wanachama wa tawi hilo, hao tu wala si wengine, watolewe kwenye hifadhidata ya zamani waingizwe kwenye mpya. Ya zamani ni MySQL, mpya ni PostgreSQL.

"Mkubwa, nimeshamaliza," akaniambia. "Nimezitoa kwa Excel, nikafuta zisizohitajika, nikasafisha kidogo. Sasa naziingiza tu. Ni kama elfu nne hivi."

Nilimwomba aniachie flashi hiyo, aende akanywe chai kwanza.

Nikasafisha kidogo! Ukimsikia fundi akisema hivyo kuhusu data ya watu, shika kichwa. Alisafisha nini? Kwa kanuni gani? Akiulizwa mwezi ujao kwa nini mama fulani hayumo, atafungua nini aonyeshe? Excel haiandiki mahali popote kwamba saa nane mchana ulibofya mstari wa 812 ukaufuta.

Msimamo wangu ni huu, na atakayebisha na abishe: kunakili rekodi kutoka jedwali moja hadi jingine si kazi. Kuchagua ndiyo kazi. Na hizi njia zetu za kienyeji zina ubaya mmoja mkubwa, kwamba zinachagua pia, zenyewe, kimyakimya, baada ya wewe kudhani umekwisha kuchagua. Wewe umesema "wanachama hai wa tawi la Mashariki". Njia uliyotumia ikaongeza: isipokuwa wenye majina fulani, isipokuwa wenye namba za aina fulani, isipokuwa waliokuwa chini ya mstari fulani.

Kabla hamjanirushia mawe, nianze na dhambi yangu mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa ndiyo kwanza nimeanza kulipwa kwa kuandika programu, nilipewa kazi kama hiyo na ushirika mmoja wa maziwa. Sikutumia Excel, nilijiona mjanja kuliko hivyo. Niliandika programu ndogo yenye kitanzi: soma rekodi moja kule, tunga amri ya kuiingiza huku kwa kuunganisha maneno, itume, rudi uchukue nyingine. Na kwa kuwa sikutaka programu isimame usiku nikiwa nimelala, niliiambia kwamba ikitokea hitilafu iruke, iendelee. Asubuhi nikaikuta imemaliza. Nikafurahi sana.

Siku ya malipo mzee mmoja akafika dirishani, karani akamtafuta, hayumo. Akaja mwingine, hayumo. Akaja mama na mwanawe mkubwa, wote wawili hawamo. Ni karani, si mimi, aliyegundua kinachowaunganisha. Mmoja alikuwa Ng'ang'a, mwingine Ng'ethe, yule mama na mwanawe ni kina Wang'ombe.

Wanaojua SQL wameshacheka. Kwa wasiojua: maneno ndani ya amri ya SQL hufungwa kwa alama ya ', na kile kidoti cha juu katika Ng'ang'a, kama kilivyo katika data nyingi, ni alama hiyohiyo. Hifadhidata inasoma Ng, inadhani jina limekwisha, kisha inakutana na mabaki yasiyoeleweka na kukataa amri nzima. Kitanzi changu kikaruka, kikaendelea. Yaani nilikuwa nimeandika programu inayowanyima watu malipo kwa sababu ya tahajia ya majina ya babu zao! Dawa yake ilijulikana hata wakati huo: usiunganishe maneno, ipe hifadhidata amri peke yake na thamani kando. Lakini nilikuwa kijana, na majaribio niliyafanya kwa majina kama Kamau na Otieno.

Yule mzee hakunigombeza. Alisema tu kwamba ng'ombe wake hakukosa kutoa maziwa hata siku moja mwezi huo. Na hata ng'ombe, mkiangalia, angekwama kwenye kitanzi changu.

Sasa turudi kwa Excel. Chukua namba za simu. Katika mifumo yetu mingi huhifadhiwa kwa kuanza na 254, jumla tarakimu 12. Ukiifungua CSV kwa Excel bila kubadili chochote, inaona tarakimu 12 na kusema hii ni namba kubwa, niionyeshe kifupi: 2.54712E+11. Ukihifadhi tena kama CSV, kinachoandikwa kwenye faili ni kile kilichoonekana kwenye skrini. Tarakimu sita za mwisho zimekwenda, hazirudi. Watu ambao namba zao zinafanana mwanzoni sasa wana simu moja, na kama jedwali jipya linasema namba ya simu isirudiwe, wa kwanza ataingia na wengine watakataliwa. Excel imekuchagulia mwanachama. Walioandikwa kwa 07 wanapoteza sifuri. Mwanachama namba 00417 anakuwa 417. Na vyama vinavyoandika namba za wanachama kwa mkwaju, tuseme 4/11, vitamkuta mwanachama huyo amekuwa tarehe ya kalenda.

Mtu asidhani haya ni ya vijijini kwetu. Mwaka 2020, katikati ya janga la korona, Uingereza ilikuwa ikipokea matokeo ya vipimo kutoka maabara na kuyapitisha kwenye mafaili ya Excel ya mtindo wa zamani, yale ya .xls, kabla ya kuyaingiza kwenye mfumo mkuu. Faili la .xls lina mwisho wake: mistari 65,536, basi. Yaliyozidi hayakuingia. Kati ya Septemba 25 na Oktoba 2 visa 15,841 vikakosekana kwenye takwimu, na watu waliokuwa wamekutana na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa. Hakuna aliyekaa akaamua wagonjwa hao waachwe. Faili lilijaa tu.

Mwaka huohuo kamati ya kimataifa inayotoa majina ya jeni za binadamu ilichapisha mwongozo na kuzibadilisha jina baadhi ya jeni, kwa mfano MARCH1 ikawa MARCHF1 na SEPT1 ikawa SEPTIN1, kwa sababu Excel ilikuwa ikizigeuza kuwa tarehe. Wanasayansi walishindwa vita na programu ya mahesabu, wakaona afadhali jeni ndizo zibadilishe jina. Kweli, tangu 2023 Excel ina mahali pa kuzima ubadilishaji huo wa kujiamulia. Nionyeshe karani mmoja aliyeuzima.

Najua mtakachoniambia. Kwamba Excel ndiyo meneja anaifahamu. Kwamba mkuu wa mitambo haruhusu seva mbili ziongee. Kwamba intaneti ya tawini inakatika kila mvua ikinyesha. Ya kwanza siikubali kabisa, meneja ataletewa Excel ya kusoma baada ya kazi kuisha, na ataifurahia. Hizo mbili nyingine ni za kweli, na nitazijibu. Lakini hakuna hata moja inayosema lazima binadamu afungue faili katikati ya safari na kuanza kufutafuta mistari.

Njia yenyewe ni hii. Kama hifadhidata mbili zinakaa kwenye seva moja ya MySQL, kazi yote ni amri moja:

INSERT INTO mpya.wanachama (namba, jina, simu, alijiunga)
SELECT namba, jina, simu, alijiunga
FROM zamani.wanachama
WHERE tawi = 'Mashariki' AND hali = 'hai';

Isome tena. Mistari mitatu ya kwanza ni kunakili. Mstari wa mwisho ndio uchaguzi, uko wazi, umeandikwa, unaweza kuuchapisha ukampelekea mwenyekiti akatia sahihi. Akiuliza mtu kwa nini mama fulani hayumo, jibu liko pale. Ifunge yote ndani ya muamala mmoja na ama wote wanaingia ama haingii hata mmoja. Hakuna kuruka na kuendelea.

Zikiwa kwenye seva tofauti, kila mfumo mkubwa una daraja lake. Oracle wana viungo vya hifadhidata, SQL Server wana seva zilizounganishwa, SQLite unaambatisha faili la pili kwa ATTACH na unaendelea kama kwamba ni hifadhidata moja. PostgreSQL, tangu toleo la 9.3 la mwaka 2013, ina postgres_fdw, ambayo hufanya jedwali la seva nyingine lionekane kama liko nyumbani, na ipo mysql_fdw kwa wanaotoka MySQL. Angalizo moja, kwa sababu sitaki mje kunilaumu: daraja likikosea kupeleka sharti lako upande wa pili, litavuta jedwali zima kupitia waya kisha kulichuja huku. Ukiona amri ya rekodi elfu nne inachukua saa nzima, hapo ndipo pa kuanzia kuangalia.

Na kama daraja haliruhusiwi au mtandao ni mbovu, tumia faili, sikatai. Lakini faili linaloandikwa na hifadhidata na kusomwa na hifadhidata. MySQL ukiiambia SELECT ... INTO OUTFILE huandika safu zikitenganishwa na alama ya tab, na pasipo na kitu huweka \N. Kwa bahati njema COPY ya PostgreSQL husoma mtindo huohuo bila kuambiwa. Lipeleke kwa flashi, lipeleke kwa boda boda ukipenda, mradi hakuna anayelifungua njiani. Likifika, liingize kwanza kwenye jedwali la kupokelea ambalo safu zake zote ni maandishi matupu, kisha kutoka hapo ndipo uhamishe kwa INSERT na SELECT kwenda jedwali lenyewe. Hapo PostgreSQL itaanza kugombana nawe. Itakataa tarehe 0000-00-00, ambazo MySQL za zamani zilizipokea bila kuuliza. Itakataa simu iliyorudiwa. Vijana wengi hukasirika hapa. Mimi hushukuru, kwa sababu kila ukataaji ni mtu ambaye angepotea kimya.

Sasa, ili nisionekane nahubiri kwamba SQL ni malaika, niwaambie pale inapouma. Tuseme badala ya hali = 'hai' umeandika hali <> 'amejitoa', ukimaanisha kila mtu isipokuwa waliojitoa. Umeshawaacha nje wote ambao safu yao ya hali haikujazwa kamwe, na katika mifumo ya zamani hao ni wengi, kawaida ni wale wazee waliojiunga kabla safu hiyo haijaongezwa. SQL ina majibu matatu: ndiyo, siyo, na haijulikani. WHERE hupokea ndiyo peke yake. Mtu asiye na hali, ukiuliza kama ni tofauti na aliyejitoa, jibu ni haijulikani, basi anaachwa mlangoni. Kwenye PostgreSQL andika hali IS DISTINCT FROM 'amejitoa', kwenye MySQL andika NOT (hali <=> 'amejitoa').

Kuna jingine ambalo lilinichukua siku mbili kuligundua mara ya kwanza. Sharti lilelile linaweza kuchagua watu tofauti kwenye hifadhidata tofauti. MySQL kwa mpangilio wake wa kawaida haijali herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo 'Mashariki', 'MASHARIKI' na 'mashariki' ni tawi moja. PostgreSQL inajali. Karani aliyeandika kwa herufi kubwa miaka yote, wanachama wake wote hawamo ukichujia upande wa PostgreSQL. Kwa hiyo chujio liweke kule data ilikozaliwa, ambako ndiko makarani walizoea kutafuta na kupata.

Lakini hayo yanasomeka. Makosa ya SQL unaweza kuyanyooshea kidole kwenye mstari ulioandikwa. Makosa ya Excel utayanyooshea nini?

Kuhesabu basi. Kabla ya kuhamisha, hesabu waliotimiza sharti, hesabu wasiotimiza, hesabu wasiojulikana. Jumla ya watatu hao lazima iwe sawa na jedwali zima, ikipungua hata mmoja hujaelewa sharti lako. Baada ya kuhamisha, hesabu tena upande wa pili, na jumlisha akiba pande zote mbili hadi senti. Hesabu ya vichwa peke yake haitoshi, maana mtu anaweza kuingia na akiba ya mwenzake. Na kama umehamisha na namba za utambulisho zilezile za zamani, sogeza mbele kihesabio cha PostgreSQL kwa setval, la sivyo mwanachama mpya wa kwanza kusajiliwa atapewa namba ya mtu na mfumo utakataa, mbele ya wateja, Jumatatu asubuhi.

Nimeacha mwisho lile ninaloliona kubwa kuliko yote, nalo ndilo lililonifanya nimnyang'anye yule kijana flashi.

Rekodi haiishi peke yake. Mwanachama ana mikopo, na mkopo una wadhamini. Wote mliowahi kukopa kwenye chama cha akiba mnajua: unatafuta wenzako, wanatia sahihi, ukishindwa kulipa akiba zao ndizo zinakatwa. Sasa chukua mwanachama wa Mashariki mwenye mkopo uliodhaminiwa na watu watatu, na mmoja wao ni wa tawi jingine. Ukichagua wanachama wa Mashariki, umemchagua mkopaji, umewachagua wadhamini wawili, wa tatu umemwacha. Je, bado ni mdhamini? Akiba yake kule makao makuu bado imefungwa, au iko huru aitoe kesho? Mkopo huo upande wa pili una wadhamini watatu au wawili?

Kwenye faili la kijana wangu swali hili halikuwepo kabisa. Alikuwa na karatasi tatu, wanachama, mikopo, wadhamini, na kwenye ile ya wadhamini alifuta kila mstari ambao namba yake haikuonekana kwenye karatasi ya wanachama. Ndiyo "kusafisha" kwenyewe. Angeziingiza, zingeingia bila kelele, na mikopo ya watu ingebaki na wadhamini pungufu bila mkopaji, mdhamini wala chama kujua. Siku mkopo mmoja ungeharibika, wale wawili waliobaki wangebeba mzigo wa watatu.

Hifadhidata yenye ufunguo wa kigeni uliowekwa sawasawa isingekubali. Ukijaribu kuingiza mdhamini ambaye hayumo kwenye wanachama, inakataa na kukutajia namba yake. Wengine hapa huzima ufunguo huo "kwa muda" ili kazi iende. Mimi nasema anayefanya hivyo kwenye data ya fedha anastahili kupokonywa kibodi. Ule ukataaji ni swali, na swali lenyewe si la fundi. Ni la meneja, pengine la kamati ya mikopo. Kazi ya fundi ni kulipeleka kwao likiwa orodha, na kungoja.

Basi tulikaa, mimi na kijana, tukaanza upya. Sharti tuliliandika, tukalituma kwa meneja kwa barua pepe, akalijibu kwa maandishi. Data ikapita kwa faili la hifadhidata hadi jedwali la kupokelea. Tulipolinganisha na faili lake la Excel, watu 31 walikuwa kwetu na kwake hawakuwepo, wengi wao wakiwa wenye hali tupu. Wadhamini wa matawi mengine tuliwatoa kwenye orodha yao, tukampelekea meneja, akasema anahitaji siku mbili kuzungumza na kamati. Tumesimamisha kazi hadi atakapojibu. Kijana amechukia kidogo, alitaka amalize Ijumaa.

Ile flashi bado iko kwenye droo yangu. Ina majina, simu na akiba za watu kama elfu nne, haina hata nywila, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Nikimaliza kuandika hapa naifuta, kisha namuuliza alituma nakala ngapi nyingine kwa barua pepe.